Usinipe wastani wa metali mbili

Jamani, kuna programu za kuiga mmenyuko wa kikemia ambazo huchukua platinamu na rodiamu, zikatafuta wastani, basi! Sikubali. Molekuli za kaboni monoksidi hutembea juu ya metali. Zinatua huku, zinavuka mpaka, zinakutana na oksijeni kule. Oksijeni yenyewe haihami sana. Kwa hiyo karibu na mpaka kasi hubadilika. Mwaka 1996 watafiti, akiwemo Gerhard Ertl (Nobeli ya Kemia 2007), waliandika kuhusu platinamu iliyochorwa vipande vya dutu nyingine, na jinsi vinavyogeuza mawimbi ya mmenyuko. Wastani unafuta mpaka huo. Gawanya uso kwa viraba vidogo kuliko vipande vyenyewe, hata kama tarakilishi itakesha.