Magofu Yasiyosema

Ati ngome iliyojengwa upya Jamestown, jimboni Virginia, ni uongo wa mbao kwa watalii. Anayetaka historia aende kwenye magofu ya kweli, maana magofu hujieleza yenyewe. Ndiyo hoja ya mwenzetu. Niliisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana kasoro.

Magofu yapi? Ngome ya 1607 ilikuwa ya miti, na miti huoza. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mto James umekwisha kuimeza, hadi William Kelso alipoanza kuchimba mwaka 1994. Alichokuta cha ukuta ule ni mabaka meusi udongoni, pale nguzo zilipoozea. Baka limejieleza lini, na kwa lugha gani? Lilihitaji mwanaakiolojia, kisha seremala.

Anawacheka pia waigizaji wa ngome iliyojengwa upya, wanaovaa mavazi ya kale. Basi asimame karibu na mmoja wao akishindilia gobori: baruti, risasi, mdeki, na utambi unaofuka moshi mkononi. Mvua ikinyesha, silaha imegeuka rungu. Hilo halisomeki kwenye baka.

Ati wanawatukuza wakoloni? Jirani na ngome hiyo wamejenga kijiji cha Wapowhatan, na kwenye makumbusho wamo Waafrika walioletwa Virginia mwaka 1619 kutoka Angola, nchi ya Kimbundu, lugha ya Kibantu kama hii yetu.

Kasoro ipo. Katika baridi ya 1609 hadi 1610 njaa iliwafanya walowezi wale maiti, na hakuna igizo litakaloonyesha hilo. Angegonga hapo, ningenyamaza. Hakupagusa.