Sarafu za Mama Mkwe: Kosa la Kiwanda au Jeraha la Nyundo?

Tumepokea barua kutoka Mocímboa da Praia. Mwandishi ni mke wa askari. Mji wao ulitwaliwa na waasi Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021, nao wakarejea baadaye wakiwa na kitambaa ambacho mama mkwe hakukifungua kiunoni muda wote wa ukimbizi. Mna sarafu kumi na moja. Mchuuzi mmoja amezitazama, akasema mbili “zimekosewa kiwandani”, na yu tayari kuzichukua zote kwa thamani ya gunia la mchele. Dada yetu auliza: auze?

Asiuze bado. Moja kati ya hizo mbili, asema, ni ya shaba ya manjano, ina taji, mwaka 1916 na herufi T, na maandishi yake yamepinda. Hiyo ni hela ishirini ya Tabora. Wajerumani walipozingirwa na bahari ikafungwa, waligonga sarafu katika karakana ya reli pale Tabora, kwa shaba iliyopatikana, maganda ya risasi yakiwamo. Mihuri ya kugongea ilichongwa kwa haraka, ikachakaa, ikapasuka, ikachongwa mingine. Ndiyo sababu taji ni kubwa katika baadhi na dogo katika nyingine, na ncha za herufi L hazifanani. Wakusanyaji huzipanga kwa tofauti hizo. Basi kupinda kwa maandishi si ajabu katika hela ya Tabora. Ni desturi yake, wala hakuongezi bei kubwa. Mwezi Novemba 1917 jeshi hilo la Kijerumani lilivuka Ruvuma na kupigana Ngomano, hivyo hela kuonekana Cabo Delgado si jambo la kustaajabisha. (Neno letu “hela” lenyewe latokana na sarafu hiyo.)

Ya pili ni reale kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, nayo imegongwa alama ndogo ya taji na herufi PM. Mchuuzi aliita kosa. Si kosa hata kidogo. Ni alama ya serikali ya Kireno, iliyoanza kugongwa yapata mwaka 1889 ili fedha za kigeni zipokelewe katika jimbo la Msumbiji. Hapa ndipo dada yetu awe macho, maana alama hiyo imeghushiwa mara nyingi. Mwaka 1780 ulioandikwa pia usimdanganye: reale hizo ziliendelea kugongwa kwa tarehe hiyo hiyo karne mbili baadaye. Aipeleke kwa sonara ipimwe mbele yake. Reale halali ina gramu 28 na kidogo, na upana wa milimita 40 hivi. Ikipungua sana, au ikivutwa na sumaku, mazungumzo yamekwisha.

Sasa, kosa la kweli hujulikanaje? Lazima liwe limetokea kabla sarafu haijatoka mashineni. Kisahani kikikaa upande, picha hukatika ukingoni na upande wa pili hubaki mtupu, bila alama ya tupa. Sarafu ikinasa kwenye muhuri, inayofuata hupata sura ile ile mara mbili, upande mmoja ikiwa imezama na kugeuka kama katika kioo. Lakini mkwaruzo unaong'aa, tundu la mkufu, ukingo uliopigwa nyundo, kutu ya chumvi ya pwani yetu: hayo ni majeraha, na hupunguza bei. Wala akina mama wasizisugue kwa majivu na ndimu. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza ngozi yake, na mnunuzi huiona papo hapo.

Katika zile tisa zilizobaki atafute sura ya Samora Machel na mwaka 1975. Zilitengenezwa sarafu za metika na sentimo za mwaka huo, lakini hazikutolewa kutumika. Metikali ilikuja Juni 16, 1980. Ni chache zilizosalia, nazo zatafutwa sana ingawa hazina kosa lolote. Mwenye kununua kwa uzito wa chuma atafurahi mno kuzipata.

Neno kwa askari na polisi walioko doria. Sarafu iliyomo katika nyumba iliyoachwa ina mwenyewe, hata kama mlango umeungua. Na zile zinazofukuliwa ardhini, mathalani katika magofu ya visiwani, zaangukia Sheria namba 10 ya mwaka 1988 ya Msumbiji, inayolinda urithi wa utamaduni. Azionaye asizihamishe, apige picha mahali zilipo, aandike idadi, na kuarifu utawala wa wilaya.