Boliti Zinazobaki

Gereji zetu zina mzaha wake wa siku nyingi: fundi amekwisha kuifunga injini, dereva amekwisha kuiwasha, na juu ya benchi zimebaki boliti tatu. Wote hucheka isipokuwa mwenye lori.

Lori lenyewe likiwa Bedford la zamani, mzaha huo hauna nafasi hata kidogo. Malori hayo yalianza kuundwa na kampuni ya Vauxhall huko Luton, Uingereza, mwaka 1931, na kwa miongo mingi yalibeba mazao na abiria katika barabara za Afrika Mashariki. Mwaka 1986 General Motors, iliyoimiliki Vauxhall, ilitangaza kuacha kuunda malori ya Bedford ya kati na makubwa. Kwa hiyo kifaa kinachopotea leo hutafutwa kwenye mizoga ya malori mengine.

Hata hivyo, mazoea ni kumwachia spanaboi kazi ya kufungua, eti fundi mkuu ataonyesha ustadi wake wakati wa kufunga. Mazoea hayo ni kinyume cha mambo. Boliti za silinda hedi hulegezwa kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa, kuanzia pembeni kuelekea kati. Azifunguaye ovyo huipinda hedi. Vifuniko vya beringi za kranki vilichongwa pamoja na bloku yake, kila kimoja kwa mahali pake na upande wake, na vikibadilishana nafasi kranki hubana na beringi huungua. Tapeti nazo, zilizokwisha kuzoeana na kamshafti kwa miaka, hazikubali kuhamishwa. Haya yote hayadai mtambo wowote wa gharama: alama za rangi, makopo machache na daftari vyatosha.

Lakini kosa kubwa zaidi si la kupoteza kifaa, bali la kukiondoa kwa makusudi. Lori likichemsha, mshitakiwa wa kwanza ni themostati. Hutolewa, hutupwa, na kwa muda lori huacha kuchemsha; mwenye lori hushukuru na kulipa. Kumbe mkosaji ni kutu na matope yaliyojaa katika njia za maji ndani ya bloku, pamoja na rejeta isiyozibuliwa tangu enzi. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake. Mafuta yasiyoungua vizuri huteremka katika kuta za silinda na kuosha oili, na ringi mpya zilizopatikana kwa taabu huanza kulika upesi.

Wapo wanaodai kwamba nchi za joto hazikihitaji kifaa hicho. Dai hilo halina msingi. Hewa ya Dodoma mchana huwa karibu nyuzi thelathini. Injini huhitaji nyuzi 80 hivi ndipo ifanye kazi sawasawa.

Walimu wa vyuo vya ufundi wangefanya vyema kumpima mwanafunzi kwa jinsi anavyofungua, sio kwa jinsi anavyofunga tu. Na afisa anayetia sahihi hati ya matengenezo, ambaye kwa kawaida hukagua vilivyonunuliwa na kusahau vilivyotolewa, ana wajibu wa kudai sanduku la vifaa vyote vilivyoondolewa, vizima kwa vibovu. Akikuta humo themostati nzima, lori lirudishwe gereji kabla kalamu haijagusa karatasi.