Kabla ya Kasi, Tuulize Amana

Ndugu mwandishi, makala yako imetungwa kwa ustadi, lakini katika kuzipima huduma za VPN umetanguliza kasi na wingi wa nchi, ilhali mtu anayetafuta hifadhi ya siri zake yampasa aulize kwanza ni mambo gani huduma hiyo inayajua juu yake na kuyaweka. Kwani VPN haiondoi macho ya mtazamaji, bali huyahamisha: yale yaliyokuwa yakionekana na kampuni ya simu sasa huweza kuonekana na mwenye VPN, na ikiwa huyo hana uaminifu, hali huwa mbaya kuliko ya awali. Kwa sababu hiyo naipendelea Mullvad ya Uswidi, ambayo haidai jina wala anwani ya barua pepe, humpa mteja namba ya akaunti tu, hutoza yuro 5 kwa mwezi, na hupokea hata noti zilizotiwa katika bahasha. Na polisi walipofika ofisini mwake Aprili 2023 wakiwa na hati ya upekuzi, waliondoka mikono mitupu, kwa kuwa taarifa za wateja walizozitaka hazikuwapo. Huo ni ushahidi bora kuliko tangazo lolote.

Kasoro za Mullvad zipo: baadhi ya tovuti za filamu huikataa, wala haimfichi aliyeingia Google kwa jina lake mwenyewe. Ama zile VPN za bure zisizoeleza fedha za kuendeshea seva hutoka wapi, nawasihi wasomaji wazifute katika simu zao leo hii.