Usijiite mbunifu wa ndani kama bado unaishi kwa cha juu



Siku hizi ukiingia mtandaoni, kila muuza mapazia kajiandika ni mbunifu wa mambo ya ndani. Jana alikuwa anauza wolpepa, leo ni mbunifu. Simcheki mtu, maana na mimi niliwahi kujiandika hivyohivyo, na jina hilo likanitia hasara kabla mwezi haujaisha.

Ilikuwa hivi. Mteja wa Tabata aliona ukurasa wangu, akanitumia picha ya ukuta wa sebule na vipimo. Upana mita 4, kwenda juu mita 2.8. Nikapiga hesabu ya harakaharaka: mita za mraba 11.2. Roli moja ya wolpepa ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10, kwa hiyo ni kama mita za mraba 5.3. Nikasema roli 2 zinatosha, pengo dogo litafichwa na kabati la TV. Nikaingia Kariakoo, nikachukua mzigo, nikaweka cha juu changu, bodaboda akapeleka.

Jioni fundi akanipigia. "Dada, wolpepa imeisha, na ukuta umebaki karibu mita nzima."

Kumbe wolpepa haihesabiwi kwa mita za mraba. Inahesabiwa kwa vipande vinavyoshuka kutoka juu mpaka chini. Roli ya mita 10 inatoa vipande 3 vya mita 2.8, na ile mita 1.6 inayobaki haifiki chini. Ukuta wa mita 4 unataka vipande 8, kwa hiyo ni roli 3. Na kama ina maua yanayotakiwa kukutana, weka akiba zaidi, maana kila kipande kinakatwa kwa kupoteza kidogo.

Nikarudi dukani kufuata roli ya tatu. Ua lilelile, lakini rangi ilipishana kidogo, kwa sababu namba ya toleo kwenye lebo ilikuwa nyingine. Mteja akagoma, na alikuwa na haki. Nikanunua roli 3 mpya kwa hela yangu na fundi nikamlipa mara ya pili. Faida ya wiki nzima ikaishia kwenye ukuta wa mtu.

Nikajiuliza: hivi mimi ni mbunifu, au ni winga mwenye simu nzuri?

Kariakoo winga tunamjua. Anajua mzigo uko mtaa gani na bei ya mwisho ni ngapi, anampeleka mteja, anakula cha juu. Ni kazi kama kazi nyingine, imesomesha watoto wengi mji huu. Lakini winga analipwa pale kitu kinapouzwa. Mbunifu anatakiwa alipwe kwa anachokijua, hata siku ambayo jibu sahihi ni "usinunue".

Chukua mfano wa ukuta unaovuta unyevu, na Dar hii kuta za namna hiyo ni nyingi. Mteja anataka wolpepa. Winga atamuuzia. Mbunifu atamwambia ashughulikie maji kwanza, la sivyo itabanduka na fangasi itaota kwa nyuma. Siku hiyo cha juu hakuna. Sasa kama chakula cha watoto wako kinategemea cha juu peke yake, je, utamwambia ukweli huo? Ujibu moyoni mwako.

Ndiyo maana nasema, ukitaka ubunifu wa ndani uwe kazi yako, mambo ni mawili: jifunze, halafu toza ujuzi wako hadharani.

Tuanze na kujifunza. Chuo Kikuu Ardhi, pale karibu na Mlimani, kina shahada ya ubunifu wa mambo ya ndani. Kama una mdogo wako au mtoto aliyemaliza kidato cha sita na anaipenda kazi hii, usimkatishe tamaa kwa kusema anakwenda kusomea kupamba nyumba za watu. Kazi hii inaanzia mbali na mapambo: hewa inapita wapi, jua linaingia saa ngapi, mtu akitoka jikoni na sufuria ya moto atapishana na nani. Litazame Soko Kuu la Kariakoo lililofunguliwa 1975, kazi ya Beda Amuli. Ile miamvuli ya zege juu siyo urembo tu. Inatoa kivuli, na paa lake lilipangwa likusanye maji ya mvua yaende kwenye matangi chini. Kabla ya kuuliza rangi, mbunifu anauliza watu watakaa vipi humo ndani.

Wewe mwenye duka la mtandaoni na ada za watoto huwezi kufunga biashara ukakae darasani miaka. Sawa. VETA wanafundisha useremala, upakaji rangi, ushonaji na umeme wa majumbani. Chagua kimoja kinachogusa bidhaa unayouza. Ukitoka VETA Chang'ombe, Keko ya mafundi fanicha iko jirani. Kaa na fundi, uone kwa nini kochi la bei chee linabonyea mapema. Muuza mapazia ajue kwamba bomba la mita 2 linataka kitambaa cha upana wa mita 4 mpaka 5 ili pazia likunjike vizuri. Muuza taa ajue kwamba rangi ileile ya ukuta inabadilika chini ya taa nyeupe na chini ya taa ya njano. Nunua futikamba nzuri. Ndiyo chombo cha kwanza, kabla ya programu yoyote ya kuchora.

Na ujue mpaka wako. Mteja akisema "tutoe huu ukuta sebule iwe kubwa", hapo nyamaza, mwite mtaalamu wa majengo. Sisi wa Kariakoo hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapahapa na watu wakapoteza maisha. Ukuta siyo pazia. Na siku ukitaka kujitangaza rasmi kama mtaalamu, pita kwanza Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, uulize masharti.

La pili, kutoza. Najua mtasema Mbongo halipii ushauri. Mbona fundi friji anakula hela ya kuja kuangalia, hata asipotengeneza? Tunampa bila kelele kwa sababu alisema mapema. Sisi hatusemi. Tunajifanya ushauri ni bure, halafu tunauficha ndani ya bei ya pazia. Mteja akipita dukani mwenyewe akakuta bei halisi, anakuona mwizi, wakati ulichochukua ni jasho lako. Hapo umepoteza mteja, pamoja na dada zake na shoga zake wote.

Mimi sasa nafanya hivi. Nauli na ada ya kupima nazitaja kabla sijatoka nyumbani. Akitoa oda, ada ya kupima naikata kwenye malipo. Akisema nimnunulie vitu Kariakoo, nampa risiti za duka kama zilivyo, na ada yangu ya kuzunguka naiandika pembeni peke yake. Kabla fundi hajakata chochote, vipimo na namba za toleo namtumia mteja kwa ujumbe, naye anajibu "sawa".

Sitawadanganya, mwanzoni nilipoteza wateja. Kuna waliosema, "Eti hela ya kupima, kwani unapima dhahabu?" Wakaenda kwingine. Waliobaki ndio wanaoniita hadi leo, kwa sababu wanajua nikisema nunua, sisemi kwa ajili ya cha juu.

Lile jina kubwa nimelifuta kwenye ukurasa wangu. Nimeandika: "Nauza mapazia na wolpepa. Nakuja kupima kwanza." Siku nikiwa na elimu ya kubeba jina lile, nitalirudisha. Kwa leo haya maneno machache yananiletea oda, na sijalipia tena roli ya tatu kwa hela yangu.