Uzoefu Hauliwi

Juzi nilimsikia mwenye kiwanda mmoja akilalama redioni kwamba vijana wa siku hizi hawapendi ufundi, wanapenda simu na viti vya ofisini. Mtangazaji akaitikia, "Kweli kabisa." Si kweli hata kidogo, na nimechoka kuusikia uongo huu.

Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Hao walifuata viti vya ofisini? Walifuata mshahara. Kwenye karakana zetu mwanagenzi hapati mshahara, hapati posho, hata nauli hapewi.

Mtoto wa dada yangu alimaliza chuo cha ufundi, akapokelewa na karakana moja ya kuchomelea mageti "ajifunze". Alipanda daladala mbili kutoka Mbagala kwa hela ya dada anayeuza mihogo. Miwani ya kuchomelea ilikuwa moja tu, ya fundi mkuu. Usiku alilala na vipande vya kiazi machoni, macho yakiwaka kama yametiwa pilipili. Mageti aliyochomelea yakauzwa, wateja wakalipa. Yeye akaambiwa anapata uzoefu. Alipohamia bodaboda, bosi akasema hana uvumilivu!

Kuna wanaojibu, "Mbona sisi tulianza hivyohivyo na tukatoboa?" Mlitoboa mkila na kulala kwa shangazi. Shangazi ndiye aliyelipa mshahara ambao bosi wenu aliukwepa. Asiye na shangazi mjini afanyeje?

Waajiri hawahawa hutangaza kazi ya kuanzia wakadai uzoefu wa miaka mitano. Hawahawa hulilia serikali kuhusu tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Ilikuwa asilimia 6 ya mishahara, ikapunguzwa awamu kwa awamu hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Mwanagenzi amepata nini katika nafuu hiyo? Hata miwani hajanunuliwa.

Mwajiri anayetaka vijana aandike mkataba: mafunzo ni ya muda gani, nani atamfundisha, chakula cha mchana, buti, glovu, miwani, na lini atapelekwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kupimwa ili ujuzi wake urasimishwe na apate cheti. Masharti hayo ayabandike getini, vijana wayasome. Na posho iandikwe kwa tarakimu, isiandikwe "maelewano".