Kudhibiti Mwendo si Kudumisha Mwendo

Aghalabu hudhaniwa kwamba uundaji wa istilahi ni shughuli ya wanaleksikografia pekee, na kwamba fundi aliyeshika bisibisi hana haja nayo. Baiskeli ya umeme inatosha kuibatilisha dhana hiyo.

Mtu anayeigeuza baiskeli ya kawaida kuwa ya umeme hufunga mota katika kitovu cha gurudumu, betri kwenye fremu, na kisanduku cha kielektroniki kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani. Mwanzoni huongoza mwendo kwa kuzungusha mshikio wa usukani tu, mithili ya mwendesha pikipiki. Baadaye hutamani nyongeza mbili. Ya kwanza ni msaada wa pedali: pete yenye sumaku hufungwa kwenye ekseli ya pedali, na kihisi kilicho kando yake huzitambua sumaku hizo zinapopita. Mwendeshaji akikanyaga, mota humsaidia. Akiacha, nayo hunyamaza. Nyongeza ya pili huushika mwendo uliokwisha kufikiwa na kuuendeleza, ijapokuwa mkono umeuachilia mshikio na miguu imetulia, hadi breki iguswe.

Je, nyongeza hii ya pili iitweje? Mtafsiri mwenye pupa atakimbilia “kidhibiti mwendo”, na hapo ndipo penye hatari. Nchini Kenya jina hilo lina mwenyewe. Tangu kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, kidhibiti mwendo kimejulikana kuwa kifaa cha kuzuia matatu kupita kilomita 80 kwa saa. Kile cha matatu humkataza dereva kuzidisha mwendo. Hiki cha baiskeli humwondolea mwendeshaji kazi ya kuushikilia. Mnunuzi atakayesoma jina moja kwa vifaa viwili ataamini kwamba amewekewa kinga, kumbe amewekewa kitu kitakachomsukuma bila yeye kukiamuru tena. Jina linalofaa ni “kidumisha mwendo”.

Watakuwapo watakaodai kwamba muktadha utaondoa utata. Dai hilo halina mashiko. Muktadha humfaa ajuaye tayari, ilhali msomaji wa maelezo ya kifaa huyasoma kwa sababu hajui.

Isitoshe, sheria nazo husimama juu ya tofauti za namna hii. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya pedali yenye mota isiyozidi wati 250, inayoacha kusaidia kabla ya kilomita 25 kwa saa na inayonyamaza mwendeshaji aachapo kukanyaga, haihitaji kuidhinishwa kama pikipiki. Kidumisha mwendo kinachoiendesha bila kukanyagwa huitoa katika kundi hilo. Sheria ya aina hiyo haiwezi kuandikwa kwa Kiswahili iwapo kusaidia, kudumisha na kudhibiti vitachukuliwa kuwa visawe.

Maana ikishaeleweka, uamuzi wa fundi nao huwa mwepesi. Msaada wa pedali unastahili kutangulia, kwa kuwa humwachia mwendeshaji hiari ya kila hatua. Kidumisha mwendo hakistahili kufungwa kabla ya mikono ya breki kuwekewa swichi za kukata umeme. Pasipo swichi hizo, breki hulizuia gurudumu huku mota ingali inasukuma, na wanaoumia ni mwendeshaji pamoja na yeyote aliye mbele yake.

Vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kutoka madarasani na kuingia katika karakana, vikusanye maneno ya mafundi, viyapime na kuyasanifisha mapema. Istilahi “kidhibiti mwendo” ilipata maana yake kwa kanuni iliyowafikia madereva, makanga na abiria vilevile. “Kidumisha mwendo” inastahili kuwafikia wanunuzi kabla ya baiskeli zenyewe kuwafikia.